Kopi kwa Taarifa

Maji ya mabeseni yalikuwa yameingia tena kwenye buti la kushoto. Donat Kabamba aliyahisi yakifika vidoleni, kisha kisiginoni, na hakuacha kuvunja. Ukiacha, mizizi inarundikana kwenye mkanda, na ikirundikana, Dady msimamizi anakuja kusimama nyuma yako.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Novemba 2009, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nje kulikuwa na giza bado. Ndani ya banda giza halikuondoka hata adhuhuri, kwa sababu shikoni, mboga waliyokuwa wakiivunja, haitaki mwanga. Mizizi yake husimamishwa ndani ya mabeseni, mabeseni hupandanishwa hadi karibu na dari, maji hupitishwa chini yake, na milango hufungwa kwa majuma matatu. Ikitoka humo iko nyeupe, nene, urefu wa kiganja, na wanawake wa Brussels huinunua ili kuipika na ham na jibini. Ikiona mwanga kabla ya wakati hugeuka kijani na kuwa chungu. Kwa hiyo banda halikuwa na dirisha, na taa zake zilikuwa hafifu kama za kanisa lenye deni la umeme.

Watu kumi na mmoja walisimama pande mbili za mkanda. Mkono wa kushoto unashika mzizi, wa kulia unashika kichwa. Unavunja. Unamenya majani mawili ya nje. Unaweka ndani ya sanduku lililotandikwa karatasi ya buluu ya kuzuia mwanga. Utomvu wake hukauka kahawia kwenye vidole na hautoki kwa sabuni. Glavu zilikuwepo jozi nne.

“Papa Donat,” alisema Ghislain, kijana wa Likasi aliyesimama mbele yake, “hii mboga ni ndugu yetu. Inalala kwa giza, na siku itaona jua, hakuna mutu anaitaka.”

“Vunja, mutoto. Acha filozofia.”

“Mi ninavunja na bongo pia, vieux. Mikono tu haienei.”

Mwishoni mwa mkanda alikuwa Maman Pétronille, mwanamke wa Bukavu mwenye umri wa miaka hamsini kasoro mbili. Yeye alikuwa kwenye kisu. Kilikuwa kisu cha mviringo, kipana kama sahani, cha kukata mizizi migumu iliyokataa kuvunjika kwa mkono. Kilikuwa na kifuniko cha chuma. Kifuniko kilitolewa mwezi wa Septemba kwa sababu kilipunguza mwendo, na tangu siku ile kilining'inia ukutani kwenye msumari.

Hakupiga kelele. Alisema “Yesu” mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyesahau ufunguo nyumbani, akainua mkono wa kulia ili wote wauone. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimeishia katikati.

Dady alizima mkanda. Alikuwa Mkongomani kama wao, wa Kolwezi, ila yeye alikuwa na karatasi zake, na gari la kuwaleta lilikuwa mkononi mwake. Alichukua karatasi ya buluu, akauzungushia ule mkono mara nne, akamshika Pétronille begani.

“Unamupeleka hôpital gani?” Donat aliuliza.

“Namushusha kwa Gare du Midi. Ataenda mwenyewe.”

“Gare haina munganga, Dady.”

“Papa, nikimufikisha mi mwenyewe bataniuliza: anatumika wapi? Alors nijibie nini?” Akamgeukia Pétronille, akapunguza sauti. “Maman, utasema ulijikata kwa cuisine. Unakatakata nyama, kisu kinateleza. Unasikia? Ni juu yako minasema hivi. Patron atasaini bile bikaratasi mwezi wa kumi na mbili. Usiharibishie batu.”

Pétronille aliitikia kwa kichwa. Walipotoka, Dady alirudi hatua tatu, akawasha mkanda.

Bile bikaratasi. Kila mtu pale alijua ni zipi. Serikali ilikuwa imefungua mlango tangu Septemba hadi tarehe kumi na tano Desemba: mgeni asiye na karatasi, aliyeishi Ubelgiji miaka ya kutosha, angeweza kuomba ruhusa ya kukaa endapo mwajiri angemwandikia mkataba wa mwaka mzima. Bila mkataba, hapakuwa na haja ya kwenda kupanga mstari kwenye komuni, ofisi ya manispaa. Bwana Luc, mwenye banda, alileta fomu kumi na moja mwezi wa Oktoba, akamwomba Donat azijaze, kwa kuwa Donat alikuwa na mwandiko mzuri. Donat alizijaza zote kwa wino mweusi. Sehemu ya anwani aliiacha wazi, maana wenzake walisema anwani wataandika siku ya kusaini, wala si kabla. Bwana Luc alizitia kwenye droo ya ofisi yake na kusema, “Nitasaini wiki ya mwisho. Wenye adabu, wote.”

Donat alikuwa na miaka hamsini na minne, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia Brussels. Mkewe Marie-Jeanne alikuwa Lubumbashi. Mwanzoni aliuliza kwenye simu, “Utakuya lini?” Siku hizi hakuuliza tena, aliuliza kama kuna baridi. Mtu bila karatasi anaweza kuondoka Ubelgiji, lakini harudi, na mtu anayerudi kwake mikono mitupu baada ya miaka tisa, huyo naye ni kama hajarudi. Fomu moja kati ya zile kumi na moja ilikuwa na jina lake. Alilala akiiona droo ile.

*

Jumapili, baada ya misa, walikutana Matonge, mtaa wa Wakongomani wa Brussels, ndani ya saluni ya Maman Hidaya katika Galerie d'Ixelles. Hidaya aliteremsha pazia la chuma nusu, akawapa viti vya kukaushia nywele, na kofia zile kubwa za plastiki zikawa juu ya vichwa vyao kama za wanaanga. Walikuja kumi. Pétronille alikuwa amelala hospitalini, ambako alikuwa amesema kisu cha jikoni, na daktari akaandika kisu cha jikoni.

Ilichukua saa nzima kugawana vyeo. Pétronille alichaguliwa mwenyekiti bila kuwepo, na hakuna aliyepinga. Donat akawa katibu. Kukawa na makamu, mtunza hazina, msaidizi wa mtunza hazina, na washauri watano.

“Na mimi niko nani?” aliuliza Ghislain.

“Conseiller chargé de la mobilisation,” alisema Donat, akiandika. Mshauri wa kuhamasisha watu.

“Nimobilise nani, papa? Wote tuko hapa.”

Hidaya alicheka hadi akashika meza. Hata Donat alitabasamu, lakini aliandika cheo kile kama kilivyo, na tarehe, na saa mkutano ulipofunguliwa. Mambo ambayo hayakuandikwa, kwake yeye, yalikuwa bado hayajatokea.

Jumanne alikwenda kwenye ofisi ya sendika moja, chama kikubwa cha wafanyakazi, karibu na kituo cha treni cha Midi. Mwanamke mwenye nywele fupi za mvi alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema kwamba mtu asiye na karatasi naye ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya kujiunga. Alitaka majina, na anwani za kupelekea kadi, na maelezo ya ajali ya yule mama, na habari ya kifuniko kilichotolewa. Angeyapeleka kwa mkaguzi wa kazi.

“Utaniandikia?” alimwuliza.

“Madame, kuandika ndiyo kazi yangu,” alijibu Donat.

Mwanamke yule hakumwambia Donat asimwambie mwajiri. Haikumjia akilini kwamba kuna mtu angehitaji kuambiwa hivyo.

Donat aliandika barua usiku mbili, kwenye chumba chake cha juu katika nyumba moja nzee ya Saint-Gilles, nyumba iliyokatwakatwa vipande hata chumba chake kilibaki na nusu ya dirisha na nusu ya ua la plasta kwenye dari. Miaka ishirini na mmoja alikuwa karani wa reli Lubumbashi. Alianza kama mbeba mafaili asiyejua Kifaransa cha ofisi, akajifunza jioni, kwa mapadri, baada ya kazi, akiwa na mke na watoto wawili, akisinzia juu ya daftari. Alichojifunza pale hakikumtoka. Barua ina tarehe na mahali, upande wa kulia. Ina namba. Ina habari inayohusu. Na chini kabisa ina orodha ya watu wanaopata kopi kwa taarifa. Yeye alikuwa na mazoea ya kuanza na sehemu hiyo ya chini, kabla ya kuandika neno lolote, ili asimsahau mtu. Mwalimu wake wa jioni aliwafundisha hivi: mtu ukiandika habari yake, kopi ifike mkononi mwake. Anayeandika juu ya mtu bila kumpa kopi ni mchongezi, na barua yake ni karatasi ya kutupwa sokoni usiku.

Aliwasomea wenzake Jumapili iliyofuata, tarehe ishirini na mbili, chini ya zile kofia za plastiki. Majina kumi na moja kwa herufi kubwa, mtaa na namba ya mlango, sahihi mbele ya kila jina. Namba moja, Pétronille, aliyekuwa amekuja na mkono wake kwenye kitambaa, akasaini kwa kushoto. Namba mbili, Donat. Kwenye anwani yake aliandika makao ya Komite, yaani saluni, kama inavyompasa katibu. Namba tatu, Ghislain. Kisha ajali, kifuniko, glavu, na choo kilichofungwa kwa ufunguo hadi saa nne. Chini: kopi kwa taarifa kwa mkaguzi wa kazi, kopi kwa Bwana Luc.

“Kwa patron pia?” aliuliza Ghislain.

 Walikuwa wamekulia wote kwenye nchi moja ya barua.

“Tusipomupatia, atasema tulimusema nyuma ya mugongo,” alisema mzee mmoja.

“Atasema ni tract, karatasi ya usiku,” alisema mwingine. “Batu ba tract ni bandits.”

“Bon,” alisema Pétronille. Mkono wake ulikuwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa kukishika. “Mi sikuiba kitu kwake. Apate kopi. Aone jina yangu iko ya kwanza.”

Donat aliipeleka mwenyewe posta, kwa rejista, akahifadhi stakabadhi.

*

Alhamisi, saa nne, Dady alimgusa bega. “Patron anakuita kwa bureau.”

Ofisi ilikuwa na joto. Miwani ya Donat ikapata ukungu, akaivua na kuifuta, na kwa muda aliosimama bila miwani alimwona Bwana Luc kama doa la rangi ya waridi nyuma ya meza.

“Kaa,” alisema Bwana Luc kwa Kifaransa chake cha Kiflamand. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na mikono iliyopasuka kama yao, kwa kuwa baba yake alimwanzisha kwenye mkanda akiwa na miaka kumi. “Umeandika wewe?”

“Ni mimi, Monsieur.”

“Barua nzuri. Mhasibu wangu haandiki hivi. Mke wangu ameisoma mara mbili.” Aliilaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. “Ulijifunza wapi?”

“Shule ya jioni, Monsieur. Lubumbashi.”

“Unaona. Mimi sikusoma jioni, nilikuwa na ng'ombe.” Akafungua droo. Zile fomu kumi na moja zilikuwepo. Akaziweka kando ya barua, na Donat akauona mwandiko wake pande zote mbili za meza. “Fomu zangu hazina anwani. Mlisema mtaandika siku ya kusaini. Barua yako inazo. Mpaka namba ya mlango. Mpaka ghorofa.”

Donat aliitazama nafasi tupu ya anwani kwenye fomu ya juu.

“Nilitaka kusaini. Muulize Dady. Sasa niambie, nikisaini, nasema nini? Nasema watu hawa ni wangu. Basi na mkono wa yule mama ni wangu. Na kifuniko ni changu.” Alizirudisha fomu kwenye droo, moja moja, kama mtu anayegawa karata. “Mtu akija kuniuliza, mimi siwajui. Hakuna jina hata moja kwenye vitabu vyangu.”

“Monsieur, sisi tumeomba kwa adabu. Tumekupa kopi.”

“Ndiyo, mmenipa.” Bwana Luc aliikunja barua kufuata mikunjo ile ile aliyoikunja Donat. “Mimi pia najua kutuma kopi.”

Jumatatu walisimama nyuma ya Midi tangu saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya Brussels isiyonyesha wala kuacha. Saa kumi na moja na robo gari likapita. Halikusimama. Ndani kulikuwa na vichwa vingine, na Dady alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele kama anayefanya mtihani wa leseni.

Jumanne polisi waligonga milango mitatu kabla ya saa moja. Walijua ghorofa.

*

“Saluni yangu bamekuya pia,” alisema Hidaya. Alikuwa anamsuka mteja, hakumtazama Donat. “Banauliza: muntu fulani analala hapa? Nasema hapa banalala na rouleaux ku kichwa tu. Bakaenda.”

“Asante, Maman.”

“Usiniambie asante.” Alivuta uzi kwa meno. “Batu banasema. Banasema, liste ni yake, mwandiko ni yake, na adresse ya kila mutu ni ya kweli, ila yake.”

“Katibu anatia makao ya Komite. Ndivyo inavyoandikwa.”

“Mi minajua, papa. Nenda uwaelezee bo.”

Ghislain alipiga simu Ijumaa kutoka kituo cha kufungia wageni, karibu na uwanja wa ndege. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, na ndege ikapita, wakangoja ipite.

“Vieux, kwa liste mi niko numéro trois, si vrai?”

“Ndiyo, Ghislain.”

“Bamekamata trois, cinq na huit. Numéro un iko hôpital, bamemupasua tena. We uko numéro ngapi?”

“Mbili.”

“Deux iko inje.” Akacheka. “Minacheka tu, papa. Conseiller chargé de la mobilisation. Hapa nimepata batu ba kumobilisé, unasikia? Tuko wengi.” Kisha, kwa sauti nyingine: “Niandikie barua, papa. Moja ya muzuri. Avocat anasema kama mutu anaonyesha nilitumika, pengine batangojea kunipandisha ndege.”

“Nitaandika. Nitaandika leo.”

Aliandika siku ile ile. Alimwandikia wakili, na kopi kwa Ghislain. Jumatatu yule mwanamke wa sendika alimwita. Alikuwa amechoka usoni. Aliikodolea stakabadhi ya rejista ambayo Donat alimwonyesha kwa kuinyoosha vizuri mezani, ile ya kopi iliyokwenda kwa Bwana Luc. Halafu alisema kwamba mkaguzi amekwenda bandani, akakuta kifuniko kiko kwenye kisu, kimefungwa kwa skrubu mpya, na watu ambao hawakumjua Pétronille. Hospitali ilikuwa imeandika kisu cha jikoni. Wenzake Donat wengine wamehama, simu zao hazishiki. Alibaki shahidi mmoja.

“Wewe uliona?”

“Niliona, Madame.”

“Utasema hivyo mbele ya mkaguzi? Tarehe kumi na saba?”

“Nitasema na nitaandika.”

Aliporudi alipitia hospitali. Pétronille alikuwa amekaa kitandani akijifunza kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono wa kushoto. Donat alimweleza. Alisikiliza huku akiendelea na kifungo, kikamponyoka, akakianza tena.

“Donc yote iko kwa mudomo yako, papa.”

“Ndiyo.”

“Bon. We ni mutu ya kuandika. Mi sina shaka.”

*

Tarehe kumi na tano Desemba ilikuwa Jumanne. Kwenye komuni mstari ulikuwa umezunguka kona tangu alfajiri. Donat alikuwa na jalada lake lote: stakabadhi za daktari za miaka tisa, cheti cha masomo ya Kiholanzi ya jioni, barua ya padri, tiketi za metro zilizobandikwa kwa mpangilio wa miezi. Palikuwa na nafasi moja tupu, namba saba, mkataba. Saa sita mchana alitoka kwenye mstari. Aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele bila kuuliza.

Alikwenda saluni kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Hidaya alimwonyesha kiti cha nyuma, kando ya sinki, akamwekea chai.

Saa nane Dady aliingia. Alikuwa amevua buti, amevaa viatu vya Jumapili, na chini ya mkono alikuwa na bahasha. Hidaya alimtazama toka juu hadi chini, akaongeza sauti ya redio, akageuka.

“Papa, minakutafuta tangu asubuhi. Nimefika mpaka kwa ule mustari.” Alifuta ubao wa mezani kwa mkono wa koti, akatoa karatasi. “Tazama.”

Ilikuwa fomu yake. KABAMBA Donat, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino mweusi. Mwaka mmoja, muda wote, kazi ya bustani na mboga. Chini, upande wa mwajiri, sahihi ya Bwana Luc, na muhuri wa buluu uliokauka.

“Ni ya kweli,” alisema Dady. “Mi nilisimama pale akisaini. Tia adresse, basi. Komuni inafunga seize heures, saa kumi. Nina gari inje, nitakufikisha.”

Donat hakuigusa. “Na zingine?”

“Zingine hakuna.”

“Anataka nini?”

Dady alitoa karatasi ya pili. Ilikuwa tupu. Aliiweka kando ya fomu, akaiweka sawa nayo kwa ncha za vidole.

“Barua moja tu. Kwa hii mukono yako. Unasema ile ya Novemba ilikuwa erreur, ni kosa. Bale batu kumi hawakutumikaka kwake hata siku moja, uliandika juu walikuomba, juu ya karatasi za komuni. Na ile mukono ya maman, hukuona.” Alikohoa. “Patron anasema: asisahau kutuma kopi, kwa bale bote ba kwanza. Anasema we unajua namna ya kuandika.”

“Ghislain iko ndani, Dady.”

“Minajua.”

“Ulikula kwake. Siku ya Noël, ulikula kwake.”

“Papa, minajua.” Dady alikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, mikono katikati ya magoti. “Ghislain atapanda ndege, uandike, usiandike. Mukono ya maman haitaota bidole. Mi niko na batoto tatu. We uko na Maman Marie-Jeanne. Mi sisemi kitu. Mi ninaleta tu karatasi.”

Redioni walikuwa wanatangaza mazishi ya mtu Kinshasa, jina kwa jina, wajukuu kwa wajukuu. Donat alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati, mahali pake.

Aliivuta ile karatasi tupu. Juu, kulia, aliandika: Bruxelles, tarehe 15 Desemba 2009. Kisha, kama alivyofanya siku zote, akashuka chini kabisa.

Kopi kwa taarifa:

Aliandika sendika. Aliandika mkaguzi wa kazi. Dady alipumua, akatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini.

Kalamu haikuinuka. Bibi Pétronille, aliandika, na namba ya wodi. Mtu ukiandika habari yake, kopi ifike mkononi mwake. Bwana Ghislain, aliandika, na jina la kituo, na namba ya chumba, aliyokuwa anaijua kwa kichwa. Akaenda kwa wa nne. Kwa wa tano. Nafasi ilikuwa haitoshi kwenda chini, ndipo akaanza kuwaweka juu yao, mstari baada ya mstari, kila mmoja kwa jina lake lote kwa herufi kubwa, na orodha ikawa inapanda ukurasa.

“Papa,” alisema Dady. “Kopi ngapi? Andika barua kwanza. Karatasi inaisha.”

Donat aliandika wa tisa. Herufi zilisimama wima, zote kimo kimoja. Kwenye vidole vyake doa la kahawia la shikoni lilikuwa bado halijatoka. Aliandika wa kumi, wa kumi na moja, na baada yake, polepole, Bibi Marie-Jeanne Kabamba, Lubumbashi.

Kati ya tarehe na majina ilibaki nafasi nyeupe ya upana wa vidole vitatu; lolote ambalo angeandika humo, wote wale wangelisoma. Alilaza ncha ya kalamu hapo, kushoto, barua inapoanzia.

Hidaya alikuwa amepunguza redio. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasorobo, na nje, mbele ya Galerie, Dady alikuwa ameacha injini ya gari ikiunguruma.